Hesabu mizunguko ya ekru mbele ya kuanza safari

Kila mutu anayetumika mu mine anajua vile vishale vidogo vya plastiki, rangi ya manjano, vinavyovalishwa ekru za magurudumu ya kamyo na bisi. Vinatazamana mbili mbili. Kishale kimoja kikigeuka, shofere haondoki: ekru imelegea. Baba anaviona kila asubuhi akienda kazi. Lakini siku ya konje anapakia mama na watoto mu motoka ya nyumbani, na hakuna anayeinama kuangalia ekru hata moja.

Sisi pia hatukuinama. Tulikuwa tunatoka Likasi kwenda Kolwezi, watu 6 mu motoka ya watu 5, mifuko ya unga nyuma. Mbele ya kufika Fungurume motoka ikaanza kutetemeka. Tukasema: ni barabara. Kisha tukasikia ko, ko, ko, upande wa kushoto, nyuma. Shemeji aliyekuwa anaendesha akapunguza mwendo, na njo hiyo ilituokoa. Gurudumu ya nyuma ilitupita yenyewe, ikaingia mu majani, na motoka ikakaa chini. Hakuna aliyeumia. Kwenye motoka tulikuta guju 3 zimekatika, 2 zimebaki bila ekru.

Sababu ilikuwa ya miezi 2 nyuma. Shemeji alinunua janti pana za aliminiamu. Zilikuwa zinagusa ndani, basi aliweka kale ya milimita 10 kati ya janti na kitovu cha gurudumu, ili kuisukuma inje. Motoka ikapendeza. Lakini guju zilibaki zile za kiwanda.

Guju ni ule msumari mnene wa chuma, wenye filete, unaotoka mu kitovu na kupita mu tundu la janti. Juu yake njo tunafunga ekru. Wengi wanawaza kama guju inabeba uzito wa motoka. Hapana. Ukikaza ekru, guju inavutika kidogo sana, sawa ressort, na inabana janti kwa nguvu juu ya kitovu. Ule mubano njo unabeba motoka. Mubano ukipotea, janti inaanza kucheza, guju inapindwa huku na kule kila mzunguko, inachoka, inakatika. Ya kwanza ikikatika, zingine zinabeba zaidi, nazo zinafuata. Angalia pale ilipokatika: sehemu moja ni ya giza na laini, ni ufa wa zamani; sehemu ingine inangaa, ni ya siku ile.

Sasa, hesabu. Kanuni ya mafundi ni nyepesi: filete inayoingia mu ekru isipungue unene wa guju. Guju ya milimita 12 inataka milimita 12 ndani ya ekru. Toyota nyingi ndogo ziko na guju ya 12 yenye hatua ya 1,5. Ni kusema kila mzunguko wa ekru unaingia milimita 1 na nusu. Gawanya 12 kwa 1,5: mizunguko 8. Nissan nyingi ziko na hatua ya 1,25. Pale inatakiwa mizunguko karibu 10. Fanya hivi nyumbani: funga ekru kwa mkono mpaka iguse janti, kisha ifungue polepole ukihesabu mpaka itoke. Ukipata 4 ama 5, usiende safari. Kale ya milimita 5 inakula mizunguko 3 na zaidi. Ile ya shemeji, ya milimita 10, ilikula karibu 7.

Dawa ni kuweka guju ndefu. Lakini urefu peke yake haitoshi. Ukienda kununua, beba guju ya zamani mu mfuko, na upime vitu 4.

Kwanza, unene na hatua ya filete. Ekru ya zamani iingie mpaka mwisho kwa vidole, bila ufunguo. Pili, meno ya kando ya kichwa, yale yanayouma ndani ya kitovu. Yakiwa madogo, guju itazunguka bure. Yakiwa makubwa, yatapasua tundu. Tatu, nguvu ya chuma: tafuta namba 10.9 juu ya kichwa. Guju isiyo na alama yoyote, iache pale sokoni. Ine, ekru yenyewe. Ekru nyingi zimefungwa juu sawa kofia. Guju ndefu ikigonga ndani ya kofia, ekru inakuwa ngumu, fundi anasema imekaza, na kumbe janti haijabanwa. Guju ndefu inataka ekru iliyo wazi juu, ama kofia yenye kina cha kutosha. Na mdomo wa ekru ufanane na tundu la janti: la mteremko kwa mteremko, la bapa kwa bapa na rondele yake.

Kuhusu kazi yenyewe, simama karibu na fundi na uone. Motoka ikae juu ya chandeli, si kriki peke yake. Anatoa gurudumu, kisha diski ama ngoma ya fre. Kutoa guju kwa kupiga nyundo kunaweza kuumiza rulema. Prese ama kivutio ni bora. Guju mpya inaingia kutoka nyuma ya kitovu. Akikosa prese, anaweka rondele nene na ekru ya zamani, na anaivuta polepole kwa ufunguo wa mkono mpaka kichwa kilale sawa nyuma, bila nafasi. Ekru ile ya kuvutia isirudi kazini, juu imeteseka. Na abadilishe guju zote za gurudumu ile, si moja tu, kwani zilizobaki zimekwisha kuchoka pamoja na zile zilizokatika.

Mbele ya kurudisha janti, afute kutu na rangi pale vyuma vinapogusana. Rangi inabonyea kisha, na mubano unapotea. Asipake mafuta mu filete. Akaze kwa kuruka, moja huku na moja kule, si kwa kufuata duara.

Kwa Toyota ndogo, kipimo ni 103 newton-metre. Kama garaji haina kle ya kupimia, shika ufunguo wenye urefu wa sentimita 50 na sukuma kwa nguvu ya kilo 21 hivi, kwenye ncha. Hiyo ni chini ya uzito wa mufuko wa unga wa kilo 25. Basi yule kijana anayepanda juu ya ufunguo kwa miguu 2 na kurukaruka, hasaidii: anaivuta guju mpaka haiwezi kurudi tena, na safari ya kukatika inaanza pale pale.

Kisha, kazi haijakwisha. Kisha kilomita 50 mpaka 100, simama, kaza tena kwa kipimo kile kile. Chuma kipya kinakaa, na mubano unapungua kidogo. Ni dakika 10.

Shemeji alitoa zile kale, akarudisha janti za kiwanda na guju mpya. Motoka haipendezi tena sawa mbele. Lakini sasa, juu ya kila ekru na janti, amechora mustari mumoja wa rangi nyeupe. Mustari ukikatika, ekru imetembea. Watoto wake njo wanaokagua mbele ya safari, magurudumu yote 4, na hakuna anayepanda mpaka waseme: iko sawa, papa.