Huyu au Hili? Zimwi la Frankenstein na Atomu wa Kijapani

Wanafunzi wangu wa somo la tafsiri walipopewa kurasa chache za Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley iliyochapwa London mwaka 1818, waligawanyika makundi mawili hata kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza. Wengine waliandika "zimwi lile limetoroka", wengine, "kiumbe yule ametoroka." Ugomvi wao ulikuwa wa sarufi, lakini si wa sarufi peke yake. Tangu siku ile nimekuwa nikikilinganisha kisa hicho na kingine, cha mtoto wa chuma aitwaye Atomu, ambaye Mjapani Osamu Tezuka alianza kumchora mwaka 1951, na kuanzia 1952 hata 1968 akamwandikia mfululizo mrefu uitwao Tetsuwan Atomu.

Yafaa kwanza kumwonya msomaji wa pwani. Riwaya za picha za Wajapani huitwa manga, na neno hilo halina nasaba na Manga yetu itokako pilipili manga. Ni sauti tu zimekutana njiani.

Visa vyenyewe vyaanza kama ndugu. Victor Frankenstein, mwanafunzi wa Ingolstadt, akusanya mifupa na viungo vya maiti, aunda mtu mwenye urefu wa futi nane, ampa uhai, kisha amkimbia usiku ule ule. Daktari Tenma afiwa na mwanawe Tobio katika ajali ya gari, aunda roboti mwenye sura ya marehemu, kisha akasirika kwa kuwa mtoto huyo hakui, na kumwuza katika sarakasi. Wote wawili, basi, ni waundaji waliokikana walichokiunda. Wanapoachana ni baada ya hapo.

Kwa mwanafunzi wa lugha, kurasa zilizo nono kuliko zote katika Frankenstein ni zile za kiumbe kujifunza kusema. Amejificha katika kibanda kilichoshikana na nyumba ya mzee De Lacey, naye achungulia kwa ufa mdogo. Miongoni mwa maneno yake ya kwanza ni moto, maziwa, mkate na kuni. Baadaye aja Safie, binti wa tajiri Mturuki na mama Mwarabu. Felix, mwana wa mzee, amfundisha lugha, na kumbe darasa lina mwanafunzi wa pili asiyeonekana, ambaye apata maendeleo upesi kuliko mwenyewe anayefundishwa. Msomaji na afikiri: huyu ajifunza lugha nzima bila ya mtu hata mmoja kusema naye. Ajua maana ya baba, ya dada, ya mwana, wala hana wa kumwita hivyo. Siku aingiapo ndani, mzee, ambaye ni kipofu, ampokea kwa upole, maana asikia maneno tu. Felix arudi, aona sura, achukua fimbo.

Atomu hakupata taabu hiyo. Katika nguvu zake saba, mojawapo ni kusema lugha 60, nazo amewekewa tayari kama alivyowekewa nguvu za farasi 100,000. (Nakiri kwamba mimi, niliyetaabika miaka kadhaa ughaibuni kwa lugha moja tu, humwonea kijicho.) Lakini hazimsaidii kitu katika sarakasi. Kimwokoacho ni Profesa Ochanomizu, amtoaye huko na kumtengenezea jamaa: baba na mama wa chuma kama yeye, na dada aitwaye Uran. Kiumbe wa Shelley aliomba mwenzi mmoja tu. Victor akaanza kumwunda, kisha akamrarua mbele ya macho yake. Mauaji mengi ya riwaya ile yalikwisha kuanza kabla ya hapo, lakini Clerval na Elizabeth wanakufa baada yake.

Tena kuna jina. Atomu analo. Kiumbe hana, na mchezo wa kuigiza wa mwaka 1823 uliotokana na riwaya hiyo uliweka vistari vitupu mahali pa jina lake katika orodha ya wachezaji. Pengo hilo watu hawakulistahimili, wakamtwika jina la muundaji, na leo wengi hudhani kuwa Frankenstein ndiye zimwi.

Neno roboti lenyewe lilienezwa na mchezo wa Mcheki Karel Čapek wa mwaka 1920, nalo latokana na neno la kwao lenye maana ya kazi ya shokoa. Katika Kiswahili bado halijatulia: mmoja asema "roboti hii imeharibika", mwingine "roboti huyu ameumia". Wajapani nao wana mlango wa namna hiyo. Kuwapo kwa watu na wanyama husemwa iru, na kwa mawe na miti, aru; roboti ajiendeshaye mara nyingi hupewa iru. Hata hivyo sikubaliani na wasemao kwamba Mjapani huipenda mashine kwa tabia na Mzungu huiogopa. Atomu alichorewa watoto wa nchi iliyokuwa imetoka vitani mwaka 1945, na katika visa vyake roboti hudharauliwa na kubanwa na sheria. Mapokezi mema aliyapata kwa wasomaji: mji wa Niiza ulimwandikisha kuwa mkazi wake mwaka 2003, mwaka ambao kisa chasema ndio wa kuzaliwa kwake.

Nirudi kwa wanafunzi wangu. Kiswahili chatuwezesha jambo ambalo Kiingereza hulifanya kwa shida. Kipofu na kijana, ijapokuwa umbo lao ni la KI-, husemwa "huyu". Lakini mwenye dharau aweza kusema "kijitu hiki", na zimwi laweza kuwa "hili" au "huyu" kwa chaguo la msemaji. Kwa hiyo niliwashauri wasisawazishe. Victor aseme "hili" tangu mwanzo hata kufa kwake. Mzee De Lacey aseme "mgeni huyu". Kiumbe mwenyewe aseme "mimi", ambayo haina ngeli ya kugombewa. Tulibaki na Walton, nahodha amwonaye mara ya mwisho katika barafu ya kaskazini, ambaye amemsikia Victor na kisha akamsikia kiumbe. Nusu ya darasa iliandika kwamba likatoweka gizani, na nusu kwamba akatoweka, nami sikusahihisha.