Mtoto anayelala nje Tunduma: nani afanye nini?

Ukipita Tunduma usiku, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, utaona watoto waliojikunyata kwenye baraza za maduka. Mchana hubeba mizigo au huokota chupa. Barabara ya TANZAM na reli ya TAZARA hupita hapa, na penye wasafiri hapakosi mtu wa kukutuma dukani kwa shilingi mia mbili.

Lakini mpaka haukumtoa mtoto nyumbani. Mara nyingi alikimbia kipigo, njaa, kifo cha mzazi au ugomvi na mzazi wa kambo. Ukimpa hela ya chai umemsaidia kwa leo tu. Sababu iliyomtoa nyumbani bado ipo.

Mwili unaathirikaje?

Tunduma ni nyanda za juu, na baridi ya Juni na Julai si ya mchezo. Mtoto anayelala juu ya boksi yuko kwenye hatari ya nimonia, na bila chandarua anaweza kupata malaria pia. Kidonda kidogo kisichosafishwa huoza. Wengine huvuta gundi kwa sababu hupunguza makali ya njaa na baridi kwa muda, lakini huharibu ubongo na inaweza kusimamisha moyo ghafla. Usimwite mhuni, anahitaji tiba.

Akibakwa au kulawitiwa, mfikishe kituo cha afya mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na kila saa ina thamani. Matibabu yasisubiri fomu ya polisi, PF3; itashughulikiwa baadaye na Dawati la Jinsia na Watoto.

Uanzie wapi?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto anaumizwa au ametelekezwa atoe taarifa. Mwambie mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata, au piga 116, namba ya simu ya bure kwa ajili ya watoto. Taarifa itamfikia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Huyu ndiye kiungo: anaweza kumwombea mtoto msamaha wa gharama za matibabu, kutafuta ndugu zake, na kama nyumbani si salama, kumweka kwa muda kwa mlezi wa kuaminika, yaani familia iliyochunguzwa na kupewa mafunzo.

Kuwakusanya kwa karandinga husafisha stendi kwa siku chache. Watoto hurudi, safari hii wakiwa wanamwogopa kila mtu mwenye kitambulisho.

Mama lishe na madereva wa bodaboda wana nafasi kubwa kuliko wanavyodhani. Wao ndio hugundua kwanza sura ngeni, na mtoto aliyefika juzi ni rahisi kumrudisha kuliko aliyekwishazoea mtaa kwa miaka miwili.

Kumrudisha nyumbani si nauli tu

Afisa lazima aijue familia kabla mtoto hajapanda basi. Nani alikuwa anampiga, na bado yupo? Bibi anayemlea ana chakula? Kaya maskini inaweza kuombewa TASAF, na tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne. Sare na daftari bado vinahitaji pesa, na hapo ndipo msikiti, kanisa au kikundi cha kukopeshana huokoa mambo.

Kuna na cheti cha kuzaliwa. Mpango wa RITA wa kuwasajili bure walio chini ya miaka mitano ulianzia Mbeya mwaka 2013, wakati Songwe bado ni sehemu ya mkoa huo. Mtoto mkubwa asiye na cheti asaidiwe kukiomba wilayani, maana bila hicho atakwama mbele ya safari.

Baada ya hapo ni ziara za ufuatiliaji, kwa miezi kadhaa. Mwalimu akiona mtoto hajafika siku tatu, apige simu siku hiyohiyo.

Na akiwa ametoka Zambia? Usimsukume avuke peke yake. Afisa ustawi na Uhamiaji wawasiliane na wenzao wa Nakonde, ili upande wa pili awepo mtu wa kumpokea.