Barua isiyofika na bei iliyolala ni hasara kwa mfanyabiashara

Mfanyabiashara anayenunua usipa mkavu katika ufukwe wa Lundo, Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, hupiga hesabu mbili kabla ya kutoa fedha: bei ya pale mchangani na bei ya soko anakoupeleka, liwe la Mbinga, la Songea au la mbali zaidi. Hesabu ya pili ndiyo yenye hatari. Kwa tani moja, tofauti ya Sh 300 kwa kilo ni Sh 300,000, na fedha hizo zaweza kupotea kwa sababu tu bei aliyoisoma kwenye simu ilikuwa ya juzi.

Siku hizi kikundi cha wafanyabiashara, chama cha ushirika wa mazao au kampuni ndogo yaweza kuendesha mtandao wake yenyewe wa bei na oda. Hukodi seva kwa mwezi na kuweka programu yake humo, badala ya kulipia huduma ya wengine kwa kila mtumiaji. Gharama hujulikana mapema, na orodha ya wateja hubaki mikononi mwa mwenyewe. Hata hivyo, kazi mbili ambazo kampuni kubwa huzifanya kimyakimya humwangukia mwenye seva. Ya kwanza ni kuhakikisha barua pepe za bei, oda na ankara zinafika. Ya pili ni kuhakikisha kurasa zinafunguka upesi bila kuonyesha bei iliyolala.

SOMO LA LIULI

Kuchelewa kwa habari si jambo geni katika mwambao huu. Agosti 1914 boti ya kivita ya Waingereza, Guendolen, ikiongozwa na Kamanda Rhoades, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, mahali panapoitwa Liuli leo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimekwisha kuanza. Upande wa pili wa ziwa taarifa ilikuwa imefika.

Sokoni mambo ni hayo hayo. Habari ikifika upande mmoja tu, ni upande huo unaopanga bei, na mwingine hujua baada ya mali kuondoka.

KWA NINI BARUA HAZIFIKI

Utaratibu wa kusafirisha barua pepe, unaojulikana kwa herufi SMTP, uliandikwa mwaka 1982, wakati watumiaji walikuwa wachache na wakiaminiana. Ndani yake hakuna kinachomzuia mtu kuandika jina la mwingine kama mtumaji. Matapeli waliutumia mwanya huo vilivyo. Ankara ya bandia inayofanana na ya kweli, isipokuwa namba ya akaunti ya benki, ni mtego unaojulikana dunia nzima.

Ndiyo maana wapokeaji wakubwa wamekaza masharti. Tangu Februari 2024, anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail hutakiwa awe na uthibitisho wa aina 3: SPF, DKIM na DMARC. Barua zake za matangazo hazina budi kumpa msomaji njia rahisi ya kujiondoa. Mtumaji mdogo naye hutakiwa awe na SPF au DKIM. Asiyetimiza masharti haya, barua zake huenda zikaingia kwenye kapu la barua taka au zikarudishwa.

Mfanyabiashara wa kahawa atauelewa uthibitisho huu akifikiria ghala. SPF ni orodha ya madereva walioruhusiwa kuleta magunia kwa jina la chama. DKIM ni lakiri juu ya gunia, inayoonyesha kwamba halikufunguliwa njiani. DMARC ni maagizo kwa mtunza ghala: gunia lisilo na dereva halali wala lakiri halali alipokee, aliweke kando au alirudishe. Orodha zote 3 huandikwa katika daftari la majina la intaneti, yaani DNS, chini ya jina la kikoa cha kampuni.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuwa na kikoa chako, kwa mfano kinachoishia na .co.tz. Programu inayotuma ankara kutoka seva ya kukodi huku ikijitambulisha kwa anwani ya bure ya Gmail inajitia kitanzi, kwani seva hiyo haimo katika orodha ya madereva wa Gmail.

Kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni kuweka kumbukumbu mbili za SPF kwa kikoa kimoja. Sheria ni moja tu, na zikiwa mbili uthibitisho hushindikana. La pili ni kuanza na amri kali ya DMARC siku ya kwanza. Busara ni kuanza na amri ya kutazama tu, kusoma taarifa zinazorudi kwa wiki kadhaa, kisha kukaza hadi kuweka kando, na mwisho kurudisha.

SEVA YAKO, TARISHI WA KUKODI

Makampuni mengi yanayokodisha seva hufunga mlango namba 25, ambao barua hupitia kutoka seva moja hadi nyingine, ili kuzuia watuma barua taka. Hata ukifunguliwa, anwani mpya huenda ikawa na sifa mbaya iliyoachwa na mpangaji aliyetangulia. Kwa mfanyabiashara mdogo, njia ya nafuu ni kubaki na programu kwenye seva yake na kumkabidhi wakala wa barua kazi ya kupeleka. Programu huingia kwa wakala huyo kupitia mlango namba 587, ikiwa na jina na neno la siri. Wakala naye aandikwe katika SPF, na ufunguo wake wa DKIM uwekwe katika DNS.

Aidha, programu isimsubirishe mteja wakati barua inatumwa. Mteja akibonyeza kitufe cha oda, barua iingie kwenye foleni, naye apate jibu papo hapo. Kazi ya nyuma ndiyo ichukue barua moja moja na kuzipeleka. Jibu la mpokeaji linaloanza na tarakimu 4 lina maana ya kujaribu tena baadaye. Linaloanza na 5 lina maana kwamba barua imekataliwa, na kama sababu ni anwani isiyokuwapo, anwani hiyo ifutwe. Anayezidi kutuma kwa anwani zilizokufa huharibu sifa yake mwenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba barua pepe si dawa ya kila jambo. Inafaa kwa ankara, oda na taarifa za bei kwa wanunuzi walioko mijini. Mvuvi na mchuuzi wa ufukweni hufikiwa kwa urahisi zaidi kwa ujumbe mfupi wa simu, na programu iliyopangwa vizuri hutumia foleni moja kwa njia zote mbili.

KACHE NA UMRI WA BEI

Kache ni akiba ya muda. Badala ya programu kupekua hifadhidata kila mtu anapofungua ukurasa, jibu lililokwisha kuandaliwa huwekwa karibu na kutolewa tena. Akiba hii yaweza kukaa ndani ya simu ya msomaji, katika seva ya mbele kama Nginx, au katika kumbukumbu ya seva kwa programu kama Redis, iliyoanza mwaka 2009.

Faida yake huonekana kwenye vocha. Kwa mfano, ukurasa wa kilobaiti 900 ukifunguliwa mara 20 kwa siku bila kache hula megabaiti 18. Picha na maandishi yasiyobadilika yakihifadhiwa kwenye simu, na bei zenyewe zikiwa kilobaiti 40, mara 20 hizo hula chini ya megabaiti 2.

Hasara yake ni bei iliyolala. Hapa fundi hapaswi kuamua peke yake. Anayejua soko ndiye aseme kila bei ina umri gani. Usipa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea uvuvi huo hupungua. Katika siku za giza bei ya ufukweni yaweza kugeuka kati ya asubuhi na jioni, kutegemea mzigo uliotua na jua la kuanikia. Akiba ya bei ya usipa isizidi dakika chache. Kahawa ya Mbinga ni jambo jingine. Bei ya mnada unaosimamiwa na Bodi ya Kahawa Tanzania haibadiliki baada ya mnada kufungwa, kwa hiyo yaweza kukaa katika akiba hadi matokeo ya mnada unaofuata yaingizwe. Nembo ya kampuni yaweza kukaa mwaka mzima.

Bora zaidi ni kutotegemea saa peke yake. Karani anapoingiza bei mpya, programu ifute papo hapo nakala ya zamani ya bei hiyo. Na kila bei iandikwe saa na tarehe iliyochukuliwa, si saa ukurasa ulipofunguliwa. Bei isiyo na tarehe haifai kununulia hata debe moja.

Ankara, salio na oda za mteja zisiwekwe kabisa katika akiba ya pamoja. Kosa hili limewahi kutokea katika mitandao mikubwa ulimwenguni: mtu anafungua akaunti yake na kuonyeshwa ya mwingine. Kwa wafanyabiashara wanaoshindania mzigo mmoja, siri ya bei ikivuja hivyo hairudi.

AKIBA INAYOMEZA BARUA

Lipo kosa moja linalounganisha kazi hizi mbili, nalo huwapata hata mafundi wazoefu. Ili kuokoa gharama, foleni ya barua na akiba ya bei huwekwa ndani ya Redis moja. Kisha kumbukumbu hiyo huwekewa kikomo na amri ya kutupa vitu visivyotumika karibuni pindi inapojaa. Kwa akiba ya bei amri hiyo ni sawa, kwani bei itasomwa tena kutoka hifadhidata. Lakini barua iliyo kwenye foleni haina nakala nyingine. Ikitupwa, ankara imepotea, na hakuna kengele inayolia.

Vivyo hivyo, karani akiona bei imelala na kuagiza akiba yote ifutwe, huenda akafuta pamoja nayo barua zote zilizokuwa zikisubiri. Dawa ni kuendesha Redis mbili, moja ya akiba yenye ruhusa ya kutupa, na moja ya foleni isiyo na ruhusa hiyo na inayoandika mambo yake kwenye diski. Kuzigawa kwa namba ndani ya Redis moja hakutoshi, kwa kuwa kikomo na amri ya kutupa ni vya Redis nzima. Zote mbili zisikilize ndani ya seva tu. Milango yao, namba 6379 ukiwa ule wa kawaida wa Redis, isiachwe wazi kwa ulimwengu.

MKONGO UKIKATIKA

Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo seva iliyoko ng'ambo huwa mbali kweli kweli. Nginx yaweza kuagizwa itoe nakala ya mwisho iliyonayo endapo programu haijibu, na seva hiyo ya mbele ikiwa ndani ya nchi msomaji hupata angalau bei za mwisho. Sharti ni lile lile: saa ya bei ionekane, na oda zisipokelewe kwa bei hiyo mpaka mawasiliano yarejee. Barua nazo hubaki salama kwenye foleni zikisubiri.

MASWALI YA MWEKEZAJI

Mwenye fedha anayeombwa kuchangia mtandao wa namna hii hahitaji kuwa fundi. Inatosha aombe majibu ya mambo haya:

1. Barua ya majaribio ikitumwa Gmail, je, SPF, DKIM na DMARC zote zinaonyesha kukubaliwa?
2. Nani anaangalia barua zilizokataliwa, na mara ngapi kwa wiki?
3. Kila bei inaonyesha saa iliyochukuliwa, na nani aliamua umri wake katika akiba?
4. Akiba yote ikifutwa sasa hivi, kuna barua au oda itakayopotea? Jibu la kweli hupatikana kwa kuifuta mbele ya macho yake, siku ambayo si ya soko.
5. Majina, namba za simu na anwani za wateja zinalindwaje? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamgusa mwenye orodha hiyo hata kama biashara yake ni ndogo.

Anayejibu la nne kwa vitendo anafaa kusikilizwa juu ya mengine. Anayesema mtandao wake haujawahi kupoteza barua hata moja aulizwe amejuaje.