Mwogeleaji Humeza Maji Kiasi Gani?

Kila aogeleaye humeza maji kidogo, apende asipende. Lakini ukimwuliza amemeza kiasi gani, hawezi kukujibu. Niliwauliza wenzangu wa darasa letu: mmoja alisema matone machache, mwingine akasema kikombe kizima. Basi, jambo asilolijua hata mwenyewe, litapimwaje?

Wataalamu wa Marekani walitafuta njia, na mwaka 2006 walitangaza matokeo yao. Twajua ya kuwa mabwawa ya kuogelea hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Lakini jua huiharibu klorini upesi. Kwa hiyo mabwawa mengi ya nje hutiwa pia asidi ya sayanuriki, ambayo huikinga klorini na jua. Asidi hii ina tabia ya ajabu. Ikimezwa, mwili hauibadilishi. Karibu yote hutoka katika mkojo kwa muda wa saa 24. Tena haipenyi ngozi ila kidogo mno. Kwa hiyo ile inayoonekana katika mkojo imepita kinywani.

Waliogelea watu 53, wakubwa na watoto, kwa dakika 45. Kisha ulikusanywa mkojo wao wa saa 24. Wataalamu wakapima asidi iliyomo katika mkojo na iliyomo katika bwawa. Iliyobaki ni hesabu tu. Tuseme kila lita ya maji ya bwawa ina miligramu 30 za asidi, yaani kila mililita ina miligramu 0.03. Mkojo wa mtu ukionyesha miligramu 0.6, gawanya 0.6 kwa 0.03, nawe utapata 20. Mtu huyo alimeza mililita 20.

Ilionekana kwamba, kwa wastani, mtu mzima alimeza mililita 16, yaani kama kijiko kikubwa kimoja. Mtoto alimeza mililita 37, zaidi ya mara mbili ya mkubwa.

Labda mtauliza, vijiko viwili vya maji vina hatari gani? Ni kweli kwamba klorini huua vijidudu vingi kwa dakika chache. Lakini kiko kimoja kiitwacho Cryptosporidium, kinacholeta ugonjwa wa kuhara. Ganda lake ni gumu, hata huweza kuishi zaidi ya siku saba katika bwawa lenye klorini ya kawaida. Na vijidudu kumi tu vyaweza kumwuguza mtu. Wenye kutunga sheria za mabwawa wakijua kiasi cha maji yanayomezwa, wanaweza kukadiria hatari hiyo, hasa kwa watoto.

Sisi wa Uganda tunaoogelea ziwani tukumbuke kwamba kipimo hiki ni cha bwawa tu, maana ziwani hakuna asidi hiyo. Tena kichocho hupenya ngozi, hata ukifunga kinywa.

Basi, wenzangu, mkipata nafasi ya kuogelea bwawani, ogeni kwanza kwa sabuni. Msivute maji kinywani ili kutemeana kwa mchezo. Na mwenye kuhara asiingie kabisa, kwa maana anachokiacha majini mwenzake atakimeza bila kujua.