Mkojo Wasema Tulichokula

Mwulize mtu yeyote: «Juma lililopita ulikula nini?» Atafikiri kidogo, kisha atakutajia nyama ya Jumapili na samaki aliyoletewa na shemeji yake. Ugali wa kila siku atausahau, kwa kuwa jambo la kila siku halina habari. Si kwamba mtu huyo ni mwongo. Lakini daktari atakaye kujua kwa nini watoto wa kijiji fulani wanaugua, hawezi kutegemea kumbukumbu za namna hiyo. Tena, hata mama mwenye kumbukumbu njema hawezi kuona kwa macho ni sumu kiasi gani iliyobaki katika unga wake.

Kwa hiyo wataalamu wamejifunza kuuliza mwili wenyewe. Vyakula vingi, vikiisha kupita katika damu na ini, huacha alama inayoweza kupimwa katika damu au nywele, na kwa urahisi zaidi katika mkojo. Wasomaji wapenzi wasicheke: vichupa vidogo vya mkojo wa watoto wa shule vimefunua mengi juu ya mihogo yetu ya Kongo.

Tuanze na Idjwi, kisiwa kikubwa cha Ziwa Kivu. Katika miaka ya 1960 madaktari Wabelgiji, kati yao F. Delange na A. M. Ermans, walichunguza huko ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Upande wa kusini-magharibi walikuwa wachache tu. Nako kaskazini walionekana pia watu waliozaliwa na akili nzito na miili iliyodumaa, huzuni ya wazazi wao. Kila mwuguzi anajua kwamba rovu huletwa na upungufu wa iodini. Basi, wakapima iodini katika mkojo wa watu wa pande zote mbili. Kaskazini ilikuwa haba. Kusini-magharibi ilikuwa haba vilevile!

Hapo ndipo fumbo lilipokuwa. Ikiwa upungufu ni mmoja, mbona shingo si sawa? Wakageukia sufuria. Watu wa kaskazini walikula mihogo zaidi. Madaktari wakawapa watu iodini yenye alama ya kupimika, wakaona kwamba baada ya kula mihogo ya kaskazini, tezi ilipokea iodini kidogo zaidi, na iliyobaki ikatoka katika mkojo. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1971.

Mihogo ina nini basi? Muhogo, hasa ule mchungu, una kitu kiitwacho linamarini. Ukiwa mzima shambani, kitu hicho hutulia. Ukikatwa, ukilowekwa au ukitwangwa, linamarini huvunjika na kutoa sianidi, sumu kali ambayo hutoka kama mvuke. Nyanya zetu walipoloweka mihogo siku tatu na kuianika juani, walikuwa wakiifukuza sumu hiyo, ingawa hawakujua jina lake. Ikibaki kidogo, mwili una kinga yake: sianidi hufungwa pamoja na salfa, ikageuka kuwa tiosianati, ambayo haina ukali ule tena, nayo hutolewa pamoja na mkojo baada ya siku chache. Hiyo tiosianati ndiyo shahidi wetu. Ikipatikana nyingi katika mkojo wa mtoto, ni ishara kwamba sumu nyingi imepita mwilini mwake. Lakini shahidi huyu naye ana kosa lake: akiwa bado katika damu, huizuia iodini isiingie katika tezi. Ndiyo sababu ya rovu za Idjwi.

Na ile salfa hutoka wapi? Hutoka katika protini za maharagi, samaki, nyama na mayai. Katika muhogo wenyewe ni haba sana. Kwa hiyo nyumba inayokula muhogo mtupu hupigwa mara mbili: sumu inaingia, na silaha ya kuishinda haiingii. Wavuvi wa Kivu wauzao sambaza kwa vikombe sokoni huuza kinga hiyo bila kujua.

Penye upungufu mkubwa, mambo huwa mabaya kuliko rovu. Huko Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu, watu huita konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mtoto alilala mzima. Asubuhi anataka kusimama, miguu imekakamaa. Hapana homa, hapana jeraha. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, na ulemavu huo hauponi. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipatwa katika jimbo la Nampula, nchini Msumbiji.

Daktari Mkongo Banea na wenzake walifuata njia ya mihogo katika Bandundu, wakatangaza habari zao mwaka 1992. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilileta magari ya wafanyabiashara. Mihogo ikageuka fedha, na mama aliyeloweka siku tatu akaloweka siku moja tu, ili awahi lori. Nani atamlaumu? Ada ya shule ilingoja. Lakini mkojo wa watu wa vijiji vyenye konzo ulionyesha tiosianati nyingi kupita kiasi.

Vipimo hivi vina mipaka yake. Mvuta tumbaku ana tiosianati hata bila muhogo, kwa maana moshi nao una sianidi. Hii ni sababu moja ya kupenda kupima watoto. Tena tiosianati husema habari za siku chache tu, kwa hiyo yafaa kupima zaidi ya mara moja kwa mwaka. Iodini nayo hupanda na kushuka kila siku, hata hesabu ya mtoto mmoja haina maana kubwa. Huchukuliwa watoto wengi, na kipimo cha yule wa katikati kikiwa kati ya mikrogramu 100 na 199 kwa lita, husemwa kwamba iodini yatosha.

Nasi wa mashariki tusidhani konzo ni jambo la mbali: mwaka 2011 wataalamu waliandika kwamba imetokea Kivu ya Kusini, katika nchi iliyoumizwa na vita.

Profesa Bradbury wa Australia alitengeneza karatasi ndogo ya manjano ambayo hugeuka rangi ya kahawia kwa kadiri ya sumu iliyomo. Mwuguzi aweza kuitumia kijijini bila mashine kubwa. Alionyesha pia njia ya kusafisha unga, na Banea na wenzake wakaijaribu katika kijiji cha Kay Kalenge, zoni ya afya ya Popokabaka. Tiosianati ya watoto wa shule ilipungua zaidi ya nusu, wala konzo mpya haikuonekana wakati wa kazi hiyo.

Njia yenyewe ni hii. Mama hutia unga katika beseni, huweka alama mahali unga ulipofikia, kisha humimina maji huku akikoroga. Kwanza unga hushuka. Yeye huendelea kutia maji mpaka urudi penye alama. Ndipo huutandaza juu ya mkeka, unene usizidi sentimeta moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu ipate kutoka. Unga huo hupikwa siku ile ile, maana ukilala huharibika.