Moshi wa ndege ambao mizani haiuoni

Hebu tuanze na swali dogo. Ukiambiwa upime uchafuzi wa hewa mtaani kwenu, utapima nini? Wengi watajibu haraka: moshi. Sawa, lakini moshi huo utaupima kwa uzito wake, au kwa kuhesabu chembe zilizomo ndani yake?

Unaweza kudhani hilo ni swali la maabara tu. Kumbe ndilo linaloamua kama mama mjamzito anayeishi chini ya njia ya ndege ataonekana kwenye takwimu kuwa anavuta hewa chafu au hewa safi. Pua ni ileile, hewa ni ileile, lakini majibu ni mawili tofauti kabisa. Tuone inakuwaje.

Walipoufuata moshi kwa gari

Uwanja wa ndege wa Los Angeles, LAX, uko ufukweni mwa bahari ya Pasifiki. Mchana upepo huvuma kutoka baharini kwenda nchi kavu, yaani kutoka magharibi kwenda mashariki. Upande huo wa mashariki ndiko kuna vitongoji vya Lennox na Inglewood, na ndiko ndege nyingi hupita zikishuka kutua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walipakia vipimo kwenye gari, wakawa wanaendesha barabara kwa barabara kuufuata upepo. Vipimo vyao havikupima uzito. Vilihesabu chembe. Matokeo waliyochapisha mwaka 2014 yaliwashtua wengi: umbali wa kilomita 8 hadi 10 kutoka uwanjani, idadi ya chembe hewani ilikuwa mara 4 hadi 5 ya kiwango cha kawaida cha eneo hilo. Hata kilomita 16 mbele bado ilikuwa mara 2. Walipolinganisha na magari, walikadiria kwamba athari ya uwanja huo mmoja kwenye hewa ya jiji ni sawa na ya barabara kuu zenye urefu wa kilomita 280 hadi 790.

Kilomita 16 si jirani wa uzio. Huyo ni mtu ambaye hata hajioni kama anaishi karibu na uwanja wa ndege.

Hesabu ya chembe milioni mbili

Sasa jiulize: jiji kama Los Angeles lina vituo vya kupima hewa miaka na miaka. Mbona havikuliona jambo hili?

Vituo vingi duniani hupima kitu kinachoitwa PM2.5, yaani jumla ya uzito wa chembe zote zenye upana usiozidi mikromita 2.5, katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Sheria nazo zimeandikwa kwa uzito huo. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa mfano, linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5.

Chembe zinazotoka kwenye injini za ndege ni za aina nyingine. Wataalamu huziita chembe ndogo mno: zote zina upana chini ya nanomita 100, na za ndege nyingi huwa chini hata ya nanomita 20. Ungezipanga chembe za nanomita 20 kukatiza unywele mmoja, ungehitaji zaidi ya 3,000.

Chukua karamu tupige hesabu. Chembe moja ya mikromita 2.5 ina upana mara 125 wa chembe ya nanomita 20. Lakini uzito hufuata ujazo, na ujazo ni upana uliozidishwa mara tatu: 125 × 125 × 125. Jibu ni karibu milioni 2. Yaani mizani inahitaji chembe milioni mbili za ndege ili isome uzito wa chembe moja tu ya vumbi.

Tuendelee kidogo. Tuseme ndege zimeongeza chembe 20,000 za ukubwa huo katika kila sentimita moja ya ujazo ya hewa ya mtaa wako. Ukizipima kwa uzito, zinaongeza takriban mikrogramu 0.1 kwa mita ya ujazo. Kituo cha PM2.5 hakitashtuka, tofauti hiyo inamezwa na vumbi la siku moja. Lakini kwa mujibu wa mwongozo wa WHO wa mwaka 2021, chembe zaidi ya 20,000 kwa wastani wa saa moja, au zaidi ya 10,000 kwa wastani wa siku nzima, tayari ni kiwango cha juu.

Umeona? Hakuna aliyedanganya. Mizani inasema kweli, ila imeulizwa swali lisilo lake.

Zinatoka wapi, na zinafikaje chini?

Mafuta ya ndege yana salfa nyingi kuliko mafuta ya magari. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu hadi sehemu 3,000 za salfa katika milioni, ingawa kwa kawaida huwa chini ya hapo. Dizeli ya magari Marekani hairuhusiwi kuzidi sehemu 15. Salfa ikiungua hutoa gesi, na baadhi yake hugeuka kuwa tindikali ya salfa. Moshi wa moto unapokutana na hewa baridi nyuma ya injini, mvuke huo huganda na kuwa vitone vidogo visivyohesabika, kama unavyoona pumzi yako ikigeuka ukungu asubuhi ya baridi kule Njombe au Limuru. Mvuke wa mafuta yasiyoungua vizuri na wa vilainishi vya injini nao huchangia.

Lakini ndege si iko juu? Iko juu, ila si juu sana. Ndege inayotua hushuka kwa mteremko wa kama nyuzi 3. Piga hesabu: ikiwa imebakiza kilomita 10 kufika uwanjani, iko mita 500 na ushei tu juu ya paa la nyumba yako. Na mabawa yake huacha nyuma mikondo ya hewa inayozunguka na kuzama, ikiuburuta moshi kuelekea chini. Ndiyo maana njia ya kutua huacha mstari mrefu wa chembe ardhini, kilomita nyingi kabla ya uwanja wenyewe.

Mwilini

Chembe kubwa hunaswa puani na kooni. Hizi ndogo mno hupenya hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, ambako oksijeni huingia kwenye damu, na baadhi yake huweza kuvuka kuingia kwenye damu yenyewe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliangalia zaidi ya watoto 170,000 waliozaliwa na akina mama walioishi ndani ya kilomita 15 kutoka LAX, kati ya mwaka 2008 na 2016. Akina mama waliokuwa kwenye robo yenye chembe nyingi zaidi za ndege walikuwa na uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati uliozidi kwa takriban asilimia 14 ule wa walio kwenye robo yenye chembe chache zaidi. Na hapo watafiti walikuwa wameshazingatia kelele za ndege na moshi wa magari. Utafiti wa namna hii peke yake hauthibitishi kwamba chembe ndizo chanzo, lakini si jambo la kupuuzia.

Nani yuko chini ya mstari huo?

Hapa ndipo fizikia inapokutana na haki ya mazingira. Lennox wengi ni Walatino. Inglewood ni Wamarekani Weusi na Walatino. Panda kaskazini hadi Seattle, kwenye uwanja wa Sea-Tac. Miji ya SeaTac, Tukwila na Burien inayouzunguka ina wahamiaji wengi, wakiwemo Wasomali, Waethiopia, Wakenya na Wakongo. Yaani kuna nyumba chini ya njia ile ambamo Kiswahili kinazungumzwa jikoni. Wengi wa majirani hao ndio wanaobeba mizigo, kusafisha ndege na kusukuma viti vya magurudumu pale uwanjani.

Chuo Kikuu cha Washington kilipima hewa ya huko mwaka 2018 na 2019 kwa fedha za bunge la jimbo. Kiligundua kwamba unaweza kuzitenganisha chembe za ndege na za magari. Za magari ni kubwa kidogo, huja na masizi meusi na hubaki jirani na barabara kuu. Za ndege ni ndogo zaidi na hufuata njia ya kutua. Na ripoti ya idara ya afya ya eneo hilo ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba wanaoishi karibu zaidi na uwanja wana umri mfupi wa kuishi kuliko wastani wa kaunti. Uwanja si sababu pekee, maana umaskini nao uko hapohapo, na mzigo mmoja huuongezea mwingine uzito.

Sasa linganisha na wanaofaidi. Watafiti wawili walikadiria mwaka 2020 kwamba ni asilimia 11 tu ya watu wote duniani waliopanda ndege mwaka 2018. Wanaopanda ni wachache. Wanaovuta moshi hawaulizwi kama wana tiketi.

Kuna jambo lingine. Marekani kelele za ndege zina mstari wake kwenye ramani: desibeli 65 kwa wastani wa siku. Ukiwa ndani ya mstari, unaweza kusaidiwa kuwekewa madirisha na milango ya kuzuia sauti. Unaweza kuubishia mstari huo, na WHO imewahi kupendekeza kiwango cha chini zaidi kwa Ulaya, lakini angalau upo. Kwa chembe ndogo mno hakuna mstari wowote. Kisheria, mtu wa Inglewood hana hata namba ya kwenda nayo mahakamani.

Na huku kwetu?

Usichukue namba za Los Angeles ukazibandika Kipawa, Kiwalani au Embakasi. Viwanja vyetu vina ndege chache zaidi, na pepo zetu ni tofauti. Lakini fizikia ya mteremko wa nyuzi 3 na salfa inayoganda haibadiliki kwa kuvuka bahari.

Jambo la kuangalia ni kifaa. Miji yetu sasa inafungwa vipimo vya bei nafuu vya hewa, kama vile vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere. Ni kazi nzuri, na PM2.5 inatuhusu sana. Ila vipimo vya aina hii hutumia mwanga kuziona chembe, na chembe zilizo chini ya nanomita 300 hivi hazionekani kwa njia hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi ukifunga kifaa hicho jirani na uwanja wa ndege, kikakuonyesha hewa iko sawa, usiandike kwenye ripoti kwamba ndege hazichafui. Umepima kitu kingine. Unahitaji kifaa cha kuhesabu chembe, ambacho ni ghali, lakini chuo kimoja kikiwa nacho kinaweza kukizungusha kwa gari kama walivyofanya wenzetu.

Hatua nyingine zinajulikana tayari. Vichujio vya HEPA madarasani hupunguza sana chembe hizi. Shule za jirani na Sea-Tac zilipojaribiwa, tofauti ilionekana. Mafuta yenye salfa kidogo hupunguza chembe kutoka chanzo. Ndege iliyoegeshwa inaweza kutumia umeme wa uwanja badala ya kuwasha injini yake ndogo ya mkiani. Na Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya hewa ya mwaka 2024, umeziagiza nchi wanachama zianze kuzihesabu chembe hizi sehemu kama viwanja vya ndege, hata kabla ya kuweka kikomo.

Kuhesabu si tiba, ni kweli. Lakini siku uwanja utakapotaka kuongeza njia nyingine ya kurukia, na wananchi wakaitwa mkutanoni kusikiliza tathmini ya mazingira, mtu mmoja akisimama na kuuliza, "Hizi chembe mmezipima kwa uzito au kwa idadi?", mkutano hautakuwa uleule. Unaweza kuwa wewe.