Prosesa: Mbona midundo mingi si hoja

WAHENGA walinena kwamba fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Katika biashara ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, mambo ni kinyume. Fahali wakipigana, mnunuzi hunufaika. Mmoja akilemewa, mnunuzi ndiye huumia.

Fahali hao ni kampuni mbili za Marekani: Intel, iliyoanzishwa mwaka wa 1968, na AMD iliyoanzishwa mwaka mmoja baadaye. IBM ilichagua prosesa ya Intel kwa kompyuta yake ya mwaka wa 1981, lakini haikutaka kutegemea muuzaji mmoja. Hivyo basi, mnamo 1982 Intel iliiruhusu AMD kuunda prosesa za aina hiyo. Mshirika huyo baadaye aligeuka kuwa mshindani.

Kwa muda mrefu ushindani huo ulipimwa kwa idadi ya midundo ambayo prosesa hupiga kwa sekunde. Machi 2000, AMD ilitangulia kutangaza prosesa ya gigahezi 1, yaani midundo bilioni moja kwa sekunde. Intel ilifuata siku mbili baadaye.

Novemba mwaka huo, Intel ilizindua Pentium 4, iliyoundwa ili kupiga midundo mingi zaidi. Hata hivyo, kazi iliyofanywa katika kila mdundo ilipungua.

Chukua mfano wa wateka maji wawili. Mmoja anakwenda mbio akiwa na kibuyu, mwingine anatembea taratibu akiwa na mtungi. Huwezi kujua nani atakayejaza pipa kwanza kwa kuhesabu hatua tu. Lazima pia ujue kiasi cha maji anachobeba kila mmoja.

Isitoshe, kadiri midundo ilivyoongezwa, ndivyo prosesa ilivyotumia umeme mwingi na kutoa joto kali. Oktoba 2004, Intel ilifutilia mbali mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4.

Mwaka wa 2005 kampuni zote mbili zilianza kuuzia watu wa kawaida prosesa zenye viini viwili, yaani prosesa mbili ndani ya moja. Mwaka uliofuata Intel ilitoa Core 2 Duo, ambayo ilikuwa na midundo michache kuliko Pentium 4 lakini ilifanya kazi nyingi zaidi. AMD ikaachwa nyuma.

Hapo ndipo mnunuzi alipoumia. Kwa takriban mwongo mmoja, prosesa za Intel za kompyuta za kawaida za mezani hazikuzidi viini vinne. Machi 2017, AMD ilirejea uwanjani na Ryzen yenye viini vinane. Kabla ya mwaka huo kwisha, Intel nayo ilikuwa imetoa yenye viini sita.

Hata viini navyo vina kikomo. Wapishi wanane hawawezi kuivisha chungu kimoja cha maharagwe mara nane upesi. Programu isiyoweza kugawa kazi yake haitafaidika na viini vya ziada.

Kwa hivyo, anayenunua kompyuta asidanganywe na tarakimu moja iliyobandikwa kwenye kasha. Aulize prosesa hiyo ni ya mwaka gani na ina viini vingapi. Muhimu zaidi, aijaribu kwa programu anazozitumia kila siku.